Kamba ya Mkono wa Kushoto

Niliachwa kwa sababu ya kikombe cha kahawa. Mume wangu alikuwa serahangi wa meli ya serikali, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani, na siku hiyo alikuwa na wageni watatu wa melini, wamekaa ukumbini kwetu Malindi, mjini Unguja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia kama ilivyokuwa ada. Nikamimina kahawa, nikapitisha vikombe pembeni mwa pazia, kimoja baada ya kimoja, na kile cha tatu nikakipitisha kwa mkono wa kushoto. Sikukusudia. Mimi nna mashoto tangu kuzaliwa. Nilipigwa mpaka nikajua kula kwa kulia, lakini nikisahau kidogo tu mkono unakwenda wenyewe. Kitu pekee walichokiona wageni wale kwangu ni mkono, na mkono wenyewe ndio ule.

Mmoja akasema, "Serahangi, leo umetukirimu kwa mkono wa chooni."

Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Mume wangu hakucheka. Wiki haikwisha, nikapewa talaka. Nilipotoka na furushi la nguo na mtoto wa miaka minne nimemshika mkono, alisimama mlangoni akaniambia, "Rudi kwenu Chwaka ukapige makumbi. Mkono wako unafaa matopeni."

Sikumjibu. Watu walidhani nimenyamaza kwa staha. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu la kumtosha, na nikaapa nitalitafuta hata likae miaka.

Likakaa miaka kumi na mitatu.

Chwaka nikapiga makumbi kweli, kama bibi yangu na mama yangu. Kazi hiyo watu wa mjini wanaijua kwa pua tu. Tunachukua maganda ya nazi, tunayafukia matopeni, bahari inapojaa na kupwa, na juu yake tunapanga mawe ili maji yasiyachukue. Kila mwanamke na shimo lake, na asiguse la mwenziwe. Miezi inapita. Yakishaoza vizuri tunayafukua, tunayapiga kwa kigongo mpaka unga wote utoke, zibaki nyuzi tupu, zile tunazoziita usumba. Hapo ndipo unapokaa kitako ukasokota kamba. Harufu yake inakaa kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye chai unayokunywa. Mie nimeshazoea. Asiyetaka kuisikia asifunge chombo chake kwa kamba.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu kamba, maana hadithi yangu yote imefungwa hapo. Mtu wa mkono wa kulia akisokota, kamba inalala upande mmoja. Mimi nikisokota kwa mkono wangu, inalala upande wa pili. Kwa macho hutambui mpaka uitazame kwa karibu, lakini ukiikunja utaijua. Kamba ya watu wote inakunjwa kwa kufuata mzunguko wa saa, inatulia duara juu ya duara kama paka aliyelala. Yangu ukiikunja hivyo inajinyonga, inatoa masikio, na ukiirusha inafunga mafundo hewani. Yangu inataka kukunjwa kinyume. Haina kasoro nyingine. Ina nguvu kama za wenzake, na mimi nasema imezidi.

Shehena yangu ya kwanza mfanyabiashara wa Malindi aliirudisha yote. Alikuwa Mhindi mmoja mpole, mwenye duka la vifaa vya vyombo. Aliniambia, "Bibi, kamba yako nzuri, lakini wendawazimu. Nisokotee ya watu." Basi nikaulazimisha mkono wa kulia, miaka yote hiyo, mpaka kamba zangu zikatoka kama za wenzangu, na yule Mhindi akaniamini hata akaacha kuzikagua. Lakini zile za nyumbani, za kufungia mbuzi, za kuanikia nguo, za kutekea maji kisimani, nilisokota kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanangu akakua ndani ya kamba zile. Alizikunja tangu hajui kusema vizuri.

Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anabeba magunia ya karafuu bandarini. Huko ndiko alikosikia habari ya darasa la ubaharia. Hiyo ilikuwa miaka ya khamsini, na lilikuwa jambo geni. Zamani ubaharia ulikuwa wa kurithishana: unamfuata baba yako au mjomba wako, unaosha sitaha mpaka siku atakayokutazama. Sasa wakasema vijana wafundishwe miezi tisa, watahiniwe, na atakayefaulu apewe cheti. Meli ya serikali ilikuwa na nafasi mbili. Asiyekuwa na cheti asipoteze wakati wake kuomba. Mwanangu alinijia Ijumaa na fomu ameikunja kifuani, macho yanamwaka.

"Mama, dira nitaijua, bendera nitazijua, nitajua kushika sukani. Sitobeba gunia tena."

Fomu ilitaka saini ya baba. Akaenda Malindi mwenyewe. Alinihadithia aliporudi, na mimi nimeiweka kama alivyonipa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?" Alimjua, mwongo mkubwa yule.

"Mwanao wa Chwaka."

"Aa. Nimekusikia harufu kabla hujafika. Unataka nini?"

"Nataka saini yako hapa."

Akaisoma fomu mpaka chini, akamrudishia. "Niitie saini uniletee makumbi ndani ya meli yangu? Wenzangu waseme huyu mtoto wa serahangi? Nenda kwa mama'ko akutie kidole. Kile cha kushoto."

Mwanangu hakulia. Mimi nililia, lakini kwa hasira. Nikamtoa kaka yangu shambani, akaweka saini yeye kama mlezi, na mtoto akapokelewa.

Mkuu wa darasa alikuwa mzee wa Kingazija aliyestaafu kazi za melini, wote wakimwita Kapteni. Mtu mkavu, mwenye miwani, hana maneno mengi. Kwa miezi mitano mwanangu alifundishwa naye na akawa anang'ara. Alijifunza kutia bildi kupima kina, kupiga makasia, kuogelea na nguo zake mwilini, kusoma bendera na taa. Alikuwa na rafiki mmoja wa Tumbatu, kijana mrefu, ndiye wa kwanza wa darasa kwa kila kitu. Kijana yule alikuja kwetu Chwaka siku za mapumziko, akala pweza wangu wa nazi sahani mbili, akanambia, "Mama, nikipata cheti, kanga ya kwanza ya mshahara wangu yako wewe, si ya mama'ngu." Nikamwambia, "Mama'ko akikusikia, atakukata ulimi." Tukacheka. Namkumbuka vile alivyocheka, ameweka mkono mdomoni.

Halafu meli ikapandishwa kufanyiwa matengenezo, na serahangi wake hana kazi. Wakamwazima darasani kufundisha kazi za kamba.

Siku ya kwanza tu akamwita mwanangu "Makumbi". "Wewe Makumbi, simama pale upepo usituletee." Darasa zima likaokota jina hilo isipokuwa yule wa Tumbatu. Mwanangu akifunga fundo, baba yake analifungua bila kulitazama. Akiunga kamba, anaambiwa rudia. Akaja kunambia Ijumaa moja: "Mama, mtihani wa mwisho ni kurusha kamba. Kutoka gatini mpaka kwenye mashua iliyotia nanga, pima kumi na mbili. Kamba mpya ya makumbi, maana ile haizami. Na aliyepewa kusimamia ni yeye. Kashanambia, hata nikipata mengine yote, hapa hapiti Makumbi."

"Na kamba hiyo wananunua wapi?"

"Kwa Mhindi wako."

Nikamwambia ale wali wake.

Sikumwambia kitu, na hilo nalisema waziwazi. Sikumshirikisha. Jumamosi nikafukua shimo langu zuri kuliko yote, lile nililokuwa nimeliwekea arusi ya mpwa wangu. Nikayapiga makumbi mpaka usumba ukawa mweupe kama mvi. Kisha nikakaa kitako uani kwangu, mlango nimeufunga, nikausokota kwa mkono wa kushoto. Miaka kumi na mitatu mkono ule ulikuwa unafanya kazi za mbuzi. Siku ile nikauachia. Kila nikipindua uzi nilimwona yeye mlangoni, na neno lake la matopeni. Ilitoka kamba nyembamba, imekaza, laini, huoni unywele uliotoka nje. Sijasokota kamba nzuri kama ile kabla yake wala baada yake. Atakayesema niliharibu kamba, namwambia hajui kamba.

Nikapanda gari la abiria, nikaipeleka Malindi katikati ya fungu la kamba nyingine. Mhindi akanyosha mkono kukagua, akaurudisha. "Ah, Bibi wa Chwaka hakaguliwi."

"Hii nyembamba ya darasa la bandarini," nikamwambia. "Wape hii hasa."

"Nitawapa."

Mtihani ulikuwa asubuhi, na wazee waliruhusiwa kutazama. Nilivaa buibui langu nikasimama nyuma ya rundo la boriti, ninaona gati yote. Baba wa yule kijana wa Tumbatu alikuja pia, kavaa kanzu mpya, amekaa juu ya gunia kama bwana harusi. Kapteni alikuwa na daftari lake. Vijana kumi wamejipanga. Serahangi akatoka mbele, kofia kaiweka upande.

"Tazameni vizuri," akasema, "maana sitorudia. Na wewe Makumbi, tazama mara mbili."

Akaikunja kamba yangu kwa mzunguko wa saa, haraka haraka, kwa mbwembwe, anatazama watu badala ya kutazama mikono yake. Nikaona masikio yanaanza kutoka. Akayabana kwa kidole gumba. Mikunjo nusu akaishika mkono wa pili, akanyosha mwili, akarusha.

Kamba ikatoka mkononi mwake kama kuku aliyefungwa miguu. Ikajinyonga hewani, ikafunga fundo, ikaanguka majini pale pale chini ya gati. Ilimrushia maji usoni.

Makuli waliokuwa wanapakia mizigo wakaacha kazi. Mmoja akapiga kelele, "Serahangi, unavua dagaa?"

Wallahi nilicheka ndani ya buibui mpaka nikakaa chini. Akaivuta, akaikunja tena, ikawa mbaya zaidi. Akasema kamba hii mbovu, iletwe nyingine. Kapteni akasema bila kuinua kichwa, "Kamba moja kwa wote. Baharini huchagui. Wa kwanza aje."

Na hapo furaha yangu ikaanza kupata mchanga. Maana wa kwanza kuitwa akakunja kama alivyofundishwa, akaangusha. Wa pili akaangusha. Walikuwa watoto wa watu, jasho linawatoka, mama zao wanatazama. Akaja yule wa Tumbatu. Akarusha mara tatu. Mara ya tatu kamba ikamsokota mguuni, naye kajirusha kwa nguvu zake zote, akaanguka nayo baharini. Watu wakacheka kama walivyomcheka serahangi, hawakutofautisha. Baba yake akainuka kwenye gunia, akampokea juu ya ngazi, akamvulia kanzu yake mpya akamfunika. Wakaondoka hapo hapo. Mashua yao ilikuwa karibu, na hawakugeuka nyuma.

Waliofuata nao wakaangusha. Mwanangu alikuwa wa mwisho.

Akaichukua kamba. Nikaona vidole vyake vinatembea juu yake, mara moja tu, kama mtu anayemshika mama yake gizani na kumjua. Akasimama. Akainua kichwa akatazama huku na huku kwenye watu mpaka akaliona buibui langu nyuma ya boriti. Alinitazama kwa muda. Kisha akaikunja kamba kinyume, duara juu ya duara, ikatulia. Akarusha. Ilikwenda imenyooka juu ya maji mpaka ikamgonga bega mtu aliyekaa kwenye mashua kuipokea.

Makuli wakashangilia. Kapteni akavua miwani. "Mbona umekunja hivyo?"

"Kamba hii imesokotwa na mtu wa mashoto, Kapteni."

"Unamjua?"

"Ni mama'ngu."

Serahangi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, maji ya chumvi bado yanamdondoka kidevuni. Akageuka na yeye akaniona. Mimi nikainua mkono kumpungia. Ule wa kushoto.

Nilirudi Chwaka nikapika biriani kama sikukuu. Mwanangu alikuja kesho yake, akakaa mlangoni, hakuingia.

"Kula, baharia wangu."

"Mama, ulifanya kusudi?"

"Kusudi khaswa."

"Wenzangu tisa wameanguka. Mwenzangu wa Tumbatu kaondoka, na yeye ni bora kuliko mimi. Angekuwa melini na kamba ile imemshika mguu, ingemvuta mpaka chini."

"Aliyeanza ni baba'ko, si mimi. Alinitukana mie. Mimi nimelipa."

"Umelipia kwenye mtihani wangu." Hakupandisha sauti. "Na mimi nilijua mara nilipoishika. Ningesema pale pale, wenzangu wangerudia. Nikanyamaza nikarusha. Hilo langu, mama. La kwako ni lako. Jumamosi n'nakwenda kumwambia Kapteni."

Nikamkamata mkono. Nikamwambia watakufukuza, utarudi kwenye magunia, baba'ko atacheka mpaka afe. Nikamwambia miezi tisa unaitupa kwa ajili ya nani? Akautoa mkono wangu taratibu, akala tonge mbili za biriani kwa heshima yangu, akaondoka.

Jumatatu Kapteni akaniita. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo pale bandarini, ukutani dira na bendera. Mwanangu amesimama upande mmoja, serahangi upande wa pili, kofia mkononi. Kamba yangu iko juu ya meza.

"Bi mkubwa, kamba hii umeisokota wewe?"

"Naam."

"Kwa makusudi?"

"Naam."

"Kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya huyo." Nikamwelekezea kidole. "Aliniambia mkono wangu unafaa matopeni. Nilitaka auone kwingine unakofaa."

Kapteni akaishika kamba pale mezani. "Umewaangusha vijana tisa wasiokukosea kitu."

"Hao sikuwafikiria."

"Ndiyo. Naona."

Nimetukanwa na watu wengi maishani mwangu. Hakuna aliyenifikia kama mzee yule kwa maneno yale mawili.

Serahangi akaruka. "Kapteni, fukuza! Mama na mtoto wamekula njama. Huyu kijana asikanyage meli!"

Kapteni akamgeukia. "Wewe umeanza bahari lini?"

"Zaidi ya miaka ishirini."

"Kamba ngeni ulipoishika, ulitazama imelala upande gani?"

Serahangi akageuza kofia mkononi.

"Nakuuliza, serahangi. Uliitazama?"

"Hapana."

"Kijana huyu aliigusa kabla ya kuikunja. Hilo ndilo la kwanza unalopaswa kuwafundisha, na hukuwafundisha." Akalifungua daftari lake. Akasema wote watarudia mtihani wiki inayofuata kwa kamba ya kiwandani, na atausimamia yeye mwenyewe. Mwanangu atarudia pia, na kwa sababu alinyamaza, kila mwenziwe atapata nafasi tatu na yeye atapata moja. Aliyeondoka Tumbatu apelekewe barua. Kisha akanigeukia mimi. "Bi mkubwa, nataka kamba nyingine nne kama hii. Kila darasa litakalokuja litapewa moja bila kuambiwa. Na serahangi atakuja kwako Chwaka kuzichukua, utamfundisha kuzikunja. Sitaki mwalimu wangu avue dagaa tena."

Huo mtihani wa pili sikwenda. Nilikaa ufukweni nimeshika kigongo, nagonga makumbi niliyokwisha kuyagonga, mpaka wenzangu wakaniambia utayafanya ugoro. Nafasi moja. Katika umri wangu wote sijaogopa kitu kama nafasi ile moja. Gari la abiria lilipofika alasiri akashuka mwanangu, na kabla sijauliza akanyosha mkono wa kushoto juu, kama nilivyofanya mie gatini, lakini anacheka. Ilifika. Bega lile lile, akasema, yule mtu kaumia mara mbili.

Barua ya Tumbatu haikujibiwa. Ikapelekwa ya pili.

Mwezi uliofuata serahangi akaja. Alivaa koti lake la melini, na vifungo vya shaba, kwenye pwani ya makumbi. Wanawake wote wakaacha vigongo. Mmoja, shoga yangu, akamwita, "Karibu mume wa zamani! Umekuja kusikia harufu?" Akapita kama hakusikia.

Sikumpeleka nyumbani. Nilimtandikia jamvi pale pale kwenye mchanga, upande ule unaotupwa maganda, nikamletea maji ya kunywa kwa kata. Nilimpa kwa mkono wa kushoto, na nikausubirisha hapo hewani mpaka akapokea.

"Kunja," nikamwambia.

Akakunja. Mkono ukampeleka kwa mzunguko wa saa.

"Sio hivyo, bwana. Kinyume."

Akaanza tena. Akikosea namfungulia yote tangu mwanzo, bila kuitazama, kama alivyomfungulia mwanangu mafundo yake. Jua likapanda. Koti akalivua. Usumba ukamganda shingoni, na harufu ikaingia ndani ya vifungo vyake vya shaba. Wenzangu wakaanza kuimba kwa mdundo wa vigongo, maneno wanayatunga hapo hapo, na mimi siyaandiki kwa sababu wajukuu zangu watasoma. Ilipoadhiniwa adhuhuri akapata moja. Nikampa ya pili.

Mwishoni, kamba zote nne zimetulia mbele yake, akainua uso mwekundu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Basi, umefurahi?"

"Bado," nikamwambia. Akaondoka.

Na ni kweli, bado. Mwanangu alifanya kazi chini ya baba yake miaka minne na hakumpa nafasi ya kumkuta na kosa. Akawa mshika sukani, kisha serahangi yeye mwenyewe, na kabla hajastaafu alikuwa nahodha, kwa mitihani, kila cheti kimetundikwa ukumbini kwangu. Mjukuu wangu wa kike sasa anasomea bahari, na ana mashoto kama mimi, na hakuna anayempiga. Yule baba'ke mwanangu alikufa kitandani kwake. Nilipeleka chai ya msiba na nikaimimina mwenyewe, kwa mkono niutakao.

Huyo simjutii hata chembe. Lakini yule kijana wa Tumbatu hakurudi. Tulisikia anavua kwao kwa madema, ile mitego ya kusuka, hataki hata kukanyaga gati ya mjini. Mwaka mmoja baadaye nilimsokotea kamba ya dema, ndefu, kwa mkono wa kulia ili isimsumbue, nikampa mwanangu ampelekee, na neno la kumwomba radhi. Akaipokea. Alimkaribisha mwanangu chakula, wakaongea habari za bahari na za wazee. Alipokuwa anaondoka akamrudishia kamba.

"Mwambie mama," akasema, "anitumie ile nyengine."

Nilimtumia. Nikaisokota kwa kushoto, mchana kutwa, na safari hii sikumwona mtu mlangoni. Hakunijibu kama kanisamehe, na mimi sikumuuliza. Lakini kila mwaka, mpaka alipozeeka, alituma mtu kuomba nyingine. Na kanga ile hajaninunulia.